Kadi ya Mjomba Jouko na Kijiji Kilicho Chini ya Maji

Ylikangas, 12 Novemba 2023

Saana, mpwa wangu,

Pokea salamu hizi zikiwa bado na joto la sauna, maana nimetoka humo sasa hivi na kalamu inateleza. Huku tu wazima. Halla, mbwa wangu, amepona mguu na ameanza tena kumtukana mtu wa posta. Theluji imewahi mwaka huu. Wiki iliyopita nilitoka na gari langu la kusukuma theluji nikasukuma kwa nguvu hadi lami ikachubuka, na nilipogeuka nikakuta majani yameanza kuota barabarani. Ushahidi usiniulize, umeshafunikwa.

Umeuliza kwa nini sipokei simu. Kwenye simu unanicheka kabla sijamaliza. Kwenye karatasi unalazimika kusubiri.

Basi nimekuelewa. Unataka kumjengea Bibi kijiji cha Riekkola ndani ya kompyuta, nyumba kwa nyumba, jinsi kilivyokuwa kabla mto haujafungwa kwa ajili ya umeme na maji kukifunika. Siku yake ya kuzaliwa, mwezi wa tano, umketishe mbele ya skrini atembee kwao, kabla macho hayajazimika. Mama yako aliniambia daktari kasema kiangazi hakitapita akiwa bado anaona. Ni kazi nzuri, na mimi mwanawe nakwambia: usiifanye kwa kadi ya picha ya kimaskini, ile inayochora picha za skrini ndani ya kompyuta. Kompyuta bila kadi nzuri ni jiko bila kuni.

Mimi nilinunua yangu mwezi uliopita, ile kubwa kuliko zote zilizopo madukani. Kutoka hapa hadi bahari ya barafu hakuna mwingine mwenye nayo. Niliitia mwenyewe, bila kusoma karatasi yake, maana karatasi huandikiwa wasiojua. Ina urefu wa samaki wa sikukuu. Jioni nawasha gemu langu la uvuvi, ukungu unainuka juu ya ziwa, naona mpaka pumzi ya maji. Juzi nilijikuta nimekunja suruali hadi magotini, nimekaa kitini.

Halafu ya Riekkola. Pale mto ulipokata kona, kwenye ile ncha ya ardhi, weka msonobari mkubwa. Tulikuwa tukikaa chini yake. Upande mmoja ilinyesha, upande wa pili jua liliwaka, kwa ukubwa wake. Nyumba unaweza kukosea, huo msonobari usiukosee.

Nunua kubwa.

Mjomba wako, Jouko


Turku, 3 Januari 2024

Mjomba Jouko,

Mwaka mpya ukukute na kuni za kutosha. Mama yuko melini, anarudi Jumapili na chokoleti zake za dukani kule. Mimi asubuhi niko kwenye duka la mikate, mchana chuoni, nanuka hamira mahali pote pawili. Bibi anakusalimu. Chakula cha pale nyumba ya wazee hakitaki, anasema supu yao ya samaki imeonyeshwa samaki kwa mbali. Macho yake yameshuka. Katikati pameshakufa, amebakiwa na pembeni. Akitaka kukuona usoni anatazama sikio lako.

Kuhusu kadi. Nimekaa na bei hizi mpaka naziota. Ile yako inauzwa euro elfu moja na mia moja. Ya kati ni mia tatu na tisini. Kubwa ina nguvu mara mbili ya ile ya kati, lakini bei ni karibu mara tatu. Na skrini yangu ni ndogo kama trei ya maandazi, nguvu yote hiyo itaenda wapi? Marafiki wa chuoni wananiambia nijitulize na ya kati. Halafu nasoma barua yako, pumzi ya maji, na moyo unayumba tena.

Kuna jambo moja linanitisha. Wiki iliyopita nilimjaribu Bibi kwa gemu la mto, bila kumwambia habari za kijiji. Kompyuta yangu ni ya zamani. Nilipogeuka ndani ya gemu picha ikakatika, ikaruka, ikakatika. Bibi akashika meza: "Zima, mtoto wee, nitatapika." Kwa hiyo majani hata yakiwa ya kuchorwa na mtoto, sijali. Ninachotaka ni picha igeuke laini, kama shingo inavyogeuka. Ikikatika, hatatembea kwao hata hatua moja, na mwaka ujao hakuna wa kumwonyesha.

Kwa hiyo mjomba, niambie kweli. Kwenye hiyo kadi yako, ukigeuka haraka, picha inakatika? Kama ni hiyo kubwa tu isiyokatika, nitauza baiskeli na kuchukua mkopo. Nitumie pia picha ya kompyuta yako, mbele na nyuma, nione umeiunganisha vipi.

Na ule msonobari. Ramani ya zamani ya wapima ardhi inaonyesha ncha ile ni uwanja mtupu wa majani.

Saana


Ylikangas, 29 Januari 2024

Mpwa wangu mwenye harufu ya mkate,

Huku baridi imekuwa ya kiume. Jana asubuhi niliondoka karakana, kivuli changu kikabaki kimeganda ukutani. Nimerudi jioni kukichukua. Mengine ni mema. Jirani amenunua jozi ya pili ya meno na anacheka hovyo.

Ramani unayoisema ilichorwa na watu wa Helsinki. Walikuja siku moja, wakala, wakaondoka. Mti ulikuwa nyuma yao.

Sasa sikiliza ya kadi. Ukigeuka haraka inayumba kidogo, kama mtu juu ya barafu changa. Ndivyo inavyotakiwa! Ukungu ni mzito, lazima ibebe. Lakini uone inavyofanya kazi. Tangu niitie, feni zake hazijazunguka hata siku moja. Nikiigusa ni baridi kama jiwe la mtoni. Kadi za watu wengine zinapiga kelele na kutokwa jasho. Hii yangu imekaa tu, kama bosi.

Nikueleze jambo, usimwambie mama yako. Juzi nilipita na gari kwenye barabara ya barafu, juu ya bwawa, pale ambapo Riekkola iko chini. Ilikuwa ile saa ya mchana ambapo jua limeshazama lakini kila kitu ni cha buluu, hata mikono yako. Nikazima injini. Nikashuka. Nikasimama juu ya kile kijiji kama mtu aliyesimama juu ya paa la nyumba yake na hajui mlango uko upande gani. Halla naye alitega masikio.

Jioni nikawasha gemu. Ziwa lile lile la siku zote, lakini ndani ya ukungu, ng'ambo, niliona kibanda na mwanga dirishani. Mtu alikuwa anapiga kasia polepole, haji wala haendi. Nikisogea, vinarudi nyuma. Nimekaa hadi kahawa ikapoa mara mbili. Kadi ya kati haiwezi kukuonyesha hayo, Saana.

Picha hii hapa, kapiga jirani. Anayetabasamu ni Halla.

Nunua kubwa, nimesema.

Jouko


Turku, 14 Februari 2024

Mjomba wangu mpendwa,

Mama mzima, mimi mzima, Bibi amegombana na muuguzi kuhusu chumvi na ameshinda. Anawaombea heri Halla na jirani wa meno.

Picha nimeipata. Nimeitazama, nikaenda kunywa maji, nikarudi nikaitazama tena. Nimecheka, mjomba, nakiri. Ila nimecheka nikiwa nimekaa chini, na mkono mdomoni, kwa heshima.

Waya wa skrini yako. Umeuchomeka kwenye tundu la juu, karibu na yale ya kipanya. Hilo ni tundu la kompyuta yenyewe. Kadi yako ina matundu yake, yale manne yaliyolala chini, na kwenye picha yote manne bado yana vifuniko vya plastiki vya dukani. Ndiyo maana feni hazizunguki. Haijawahi kufanya kazi hata dakika moja. Imelala humo tangu Oktoba kama dubu.

Kosa hilo hufanywa na watu wengi, hata chuoni kuna mmoja alikaa hivyo mwaka mzima na ni mwalimu. Usinikasirikie. Toa waya, ushushe chini. Basi.

Lakini umenisaidia kuliko unavyojua. Nilikuwa nimeshapiga simu benki. Sasa najua yale yote uliyoyaona, pumzi ya maji na kibanda na kasia, uliyaona kwa kompyuta tupu inayoyumba. Kwa hiyo sihitaji kumnunulia Bibi kila jani. Nahitaji isiyumbe tu. Nachukua ya kati.

Niandikie upesi.

Saana


Turku, 2 Aprili 2024

Mjomba,

Salamu, kama bado unazipokea. Barafu ya mtoni hapa imevunjika. Sijapata neno kwako tangu Februari. Mama anasema barabara za kwenu ziko wazi na posta inafika. Umekasirika?

Kadi ya kati nimeipata, tena imetumika, kwa jamaa mmoja kituo cha treni. Alikuwa ameifunga kwenye soksi ya sufu. Nikasema, "Ndiyo hii?" Akasema, "Mhh." Nikasema, "Inafanya kazi?" Akafikiri sana, akasema, "Mhh." Nikampa pesa. Akaondoka, halafu akakimbia kurudi, nikadhani kajuta. Alitaka soksi yake.

Inageuka laini, mjomba. Kama shingo. Kijiji kiko tayari, nyumba zote, gati, sauna ya pamoja, ghala la samaki. Kilichobaki kinachonikosesha raha ni skrini. Bibi anaona pembeni tu, na skrini yangu haina pembeni.

Na msonobari. Nimehesabu miaka. Riekkola ilizama 1967. Wewe umezaliwa 1969. Sikuulizi kitu. Nakuuliza tu: niuweke au niuache? Bibi atajua.

Siku yenyewe ni tarehe sita Mei. Njoo. Nitakupokea kituoni hata bila soksi.

Saana


Ylikangas, 20 Aprili 2024

Saana, mpwa wangu,

Salamu nyingi, za kupakia kwa koleo. Nani kakasirika? Theluji ya Machi ilikuwa ndefu kuliko mnara wa kanisa, nililazimika kuendesha gari chini yake kama panya. Nilikuandikia barua ndefu nzuri, Halla akaila. Ni Halla huyo huyo aliyeng'oa waya Oktoba na kuuchomeka asipopajua. Nimemkanya.

Basi nikaushusha waya chini, ili kumridhisha mbwa. Saana! Feni ziliamka zikavuma kama ndege wa Aprili. Kila jani likawa na mishipa. Nyasi zilihesabika. Nikageuka haraka, laini kama mafuta. Nikavuka ziwa mpaka ng'ambo, safari hii hapakurudi nyuma, nikafika. Hakuna kibanda. Kuna jiwe, na nyuma ya jiwe kuna msitu uliochorwa vizuri sana. Mpiga kasia hakuwapo. Niliketi pale juu ya jiwe la gemu kwa muda.

Kwa kifupi, kadi hii ina nguvu mno kwa mtu wa uzoefu wangu. Inapasha nyumba joto, na sasa ni masika. Nimebadilishana na jamaa wa duka la matairi. Alipiga magoti, alilia, nikamhurumia. Yeye kanipa runinga yake, haina kasoro, pana kama mlango wa zizi. Nimeituma kwa basi, itafika kituo cha Turku Alhamisi. Nenda na mtu wa kusaidia kubeba. Mketishe Bibi karibu nayo kabisa, atapata pembeni kiasi atakacho.

Kuja siwezi. Gari la theluji linahitaji matengenezo. Najua siku yenyewe ni Mei. Ni gari lenye wivu.

Msonobari ni kazi yako, fanya unavyoona. Mimi nilisema tu.

Jouko


Turku, 8 Mei 2024

Mjomba Jouko,

Salamu kutoka kwa wote, na leo sitasalimia sana kwa sababu mkono unakimbia.

Runinga ilifika. Tuliibeba mimi na mama na dereva wa basi, aliyeuliza kama ni kitanda. Jumapili kutwa niliiunganisha pale sebuleni kwa wazee. Nilikagua tundu mara nyingi, kwa sababu yako.

Tulimketisha Bibi karibu hadi goti lake likaguswa na mwanga. Ameshika kikombe cha kahawa. Nikawasha. Nilikuwa nimeweka asubuhi ya Juni, ukungu kidogo mtoni. Alitazama pembeni kabisa, kama anayesikiliza mlango. Nikadhani haoni kitu. Mama akaniminya mkono.

Halafu akasema, "Moshi wa sauna haujatoka. Nani ana zamu leo?"

Nikasema, "Sijui, Bibi. Zamu ya nani?"

"Leo Jumamosi? Basi ni sisi. Twende, tumechelewa."

Tukaenda. Yeye akiniamuru, mimi nikibonyeza vitufe. Kushoto hapa. Usipite uwanjani kwa yule mzee, ana kisirani. Ghala nimelisogeza karibu mno na maji, amenikaripia. Gati ilikuwa na ubao mmoja uliovunjika, nitauvunja kesho. Hakushika meza hata mara moja, mjomba. Aligeuka, akageuka, akasema, "Jamani, hakijalowa."

Tukafika kona ya mto. Nilikuwa nimeuweka. Msonobari wako, mkubwa kama ulivyosema, hata mvua ya upande mmoja nilikuwa nimeitia.

Akasimama. Yaani alinyoosha mkono, nikasimama.

"Huu mti umetoka wapi?"

Mama akaanza, "Ni makosa, mama, tutauondoa..."

"Nimeuliza umetoka wapi?"

Nikasema, "Mjomba Jouko alinieleza. Alisema mlikuwa mkikaa chini yake."

Akacheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye sahani. "Jouko! Jouko aliona nini? Alizaliwa maji yakiwa yameshapita juu ya bomba la moshi. Walikuwa wakisimulia Riekkola mezani, kaka zake na mama yako huyu, naye mdogo anasikiliza, anasikiliza. Siku moja akapiga kijiko: na mimi nilikuwepo! Nilikuwa kwenye mti! Wakamcheka. Mti gani, wakamwambia, pale hapana mti."

Akautazama kwa pembeni, kwa muda mrefu.

Nikasema, "Niutoe, Bibi?"

"Uguse uone. Watoto wangu wote walikuwa na mahali pa kukaa Riekkola, isipokuwa yeye. Uache hapo." Kisha akasema, "Nipeleke chini yake. Nimechoka kutembea."

Tukakaa hapo mpaka chakula cha mchana.

Saana


Ylikangas, 26 Mei 2024

Saana, mpwa wangu,

Salamu kwako, kwa mama yako na kwa dereva wa basi. Huku jua limekataa kuzama na kuku wa jirani hawajui walale lini. Barua yako ilifika Jumatano. Sikuijibu hapo hapo kwa sababu macho yalikuwa na vumbi la barabara, huku ni msimu wa vumbi, muulize yeyote.

Nilikwambia kuhusu mti, sikukwambia? Wapima ardhi wa Helsinki wakajifunze.

Lakini kwa maelezo yako naona umeuweka mfupi. Ongeza. Ncha yake iguse lile wingu la chini. Na upande wa mtoni kuna tawi moja nene lililoinama, mtu mzima anaweza kulipanda hata kama magoti yanamsumbua. Hilo ndilo la kukalia. Usiliweke juu sana, nitakuja mwezi wa saba, nimeshamwambia Bibi kwa simu. Ndiyo, nimepiga simu. Tulicheka wote wawili, kwa hiyo hakuna aliyemkatiza mwenzake.

Kwa sasa nitumie hicho kijiji kwenye ile flashi, fimbo ndogo ya kuhifadhia, uitie kwenye bahasha. Kadi sina tena, najua itayumba kama barafu changa. Nitarudisha waya kwenye tundu langu la juu na nitakwenda polepole. Kuona kwa kadi sikukuzoea. Kule ng'ambo ya mto, baada ya nyumba ya mwisho, usichore kitu. Acha ukungu tu, mimi nitapamalizia.

Mjomba wako wa Riekkola,
Jouko